Subirini Uchaguzi Upite

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu, kazi isiyo na posho na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigombea. Nilipewa kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka. Kijiji chetu kiko upande wa Murungu, wilaya ya Kibondo, na kina chemchemi moja bondeni inayotegemewa na vitongoji vitatu. Nilipokuwa msichana, ndoo ilijaa pale kabla hujamaliza kusalimiana na uliyemkuta. Mwaka ule, kufikia mwezi wa saba, unatega dumu, unakaa kwenye jiwe, unachambua sinia zima la maharage, unanyanyuka, na dumu halijafika nusu.

Sababu tuliijua wote. Mvua zilikatika mwezi wa pili, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mashamba ya mlimani yakakauka. Watu wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye watoto angefanya: wakateremka bondeni kwenye unyevu, wakafyeka matete, wakainua matuta ya maharage, nyanya na kabichi mpaka mdomoni mwa chemchemi. Mvua ikipungua watu wanateremka, wakiteremka maji yanapungua, maji yakipungua wanazidi kusogea. Sheria inataka mtu akae mita sitini mbali na chanzo cha maji. Wengine walikuwa wanapalilia huku kisigino kimelowa.

Kamati tulikaa kikao kirefu, tukakubaliana kwamba maharage yaliyoko shambani yavunwe, na baada ya hapo mtu yeyote asilime tena ndani ya mita sitini. Tulipima kwa kamba, tukapigilia vigingi, nikaandika muhtasari, diwani wetu akausaini. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.

Wiki mbili baadaye diwani huyohuyo, ambaye alikuwa anatetea kiti chake, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema kwamba mwaka huu hakuna mwananchi atakayesumbuliwa kwenye shamba lake. Watu walipiga makofi. Nami nilikuwa mbele kabisa na daftari langu la mihtasari mapajani. Kufikia siku ya tatu vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa na kugeuzwa kuni.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alinipokea vizuri, kama anavyompokea kila mtu, akaagiza niletewe kiti.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "ule muhtasari una saini yako."

"Mwalimu, mimi nakuelewa kuliko unavyodhani," akasema. "Lakini hawa wenye mashamba pale bondeni wana wake, wana ndugu, wana majirani. Subirini uchaguzi upite."

Hilo neno nililisikia mwaka huo mpaka likanichosha masikio. Niliandika barua wilayani, nikapanda bodaboda mpaka Kibondo mjini kuipeleka kwa mkono wangu. Ofisa aliyeisoma alikuwa mtu muungwana. Aliisoma yote, akaikunja, akaniambia kwamba suala hilo ni nyeti kwa kipindi hiki, na kwamba baada ya uchaguzi litashughulikiwa kikamilifu. Nilimuuliza kama chemchemi nayo ina taarifa kuwa kuna uchaguzi. Alicheka kidogo, akanisindikiza mlangoni. Mtendaji wa kijiji aliniambia hivyohivyo. Hata wanakamati wenzangu, ambao tulishika kamba pamoja, walianza kuniambia nipumzike kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye barua zangu sikuliandika. Wenye mashamba pale chemchemini walikuwa tisa, na shamba la kwanza kabisa, lile lililogusa maji, lilikuwa la kaka yangu wa tumbo moja.

Kaka yangu ni mtu mkimya, mwenye mabega mapana na mikono ya kazi. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akashika jembe ili mimi niendelee. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Kwa hiyo nilipoteremka kuongea naye sikwenda kama katibu. Nilimkuta anapalilia, nikasimama pembeni nimeshika viatu vyangu mkononi kwa sababu ya matope.

"Kaka," nikasema, "kamba ilipita nyuma sana ya shamba lako. Wewe uko ndani kabisa."

Aliendelea kupalilia tuta lile mpaka mwisho, ndipo akasimama.

"Mlimani nilipanda mara mbili," akasema. "Uliona mwenyewe. Mara ya kwanza jua, mara ya pili jua. Niambie, mdogo wangu, nikitoka hapa niende wapi?"

Niliyatazama maharage yake. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba siku mbili kabla alikuwa amenitumia beseni la maharage mabichi kutoka shamba hilohilo, na mimi nilikuwa nimeyapika kwa mawese nikayala, na yalikuwa matamu. Nilikuwa katibu wa kamati ya kulinda chanzo cha maji na mlaji wa mazao ya chanzo cha maji kwa wakati mmoja. Nilivaa viatu nikapanda mlima.

Mwezi wa tisa kampeni zikapamba moto. Kila siku gari la matangazo lilipita na vumbi lake. Habari zikafika kwamba mgeni mkubwa wa chama atakuja kumnadi diwani wetu, na kwamba kijiji kiandae ngoma. Kwetu ukisema ngoma unamsema shangazi yangu, dada wa baba yetu. Yeye ndiye anayeongoza kikundi cha kina mama wanaocheza kwenye harusi na mavuno, na nyimbo nyingi anazitunga mwenyewe, kwa Kiha, lugha yetu. Ni mwanamke mkali, mpenda ugoro, na anapenda sana kutazamwa. Kambi mbili za kampeni zilishampelekea vitenge, na alivipokea vyote viwili bila kusita, kimoja akakishonea gauni na kingine akakifanya pazia.

Mimi nikaona hapo ndipo pa kupitia. Barua zimegonga mwamba, labda wimbo utapita. Nilikaa na kalamu jioni moja nikatunga beti nne za Kiswahili kizuri kuhusu kutunza mazingira na vyanzo vya maji kwa ajili ya vizazi vijavyo. Nikampelekea shangazi uani kwake, ambako kina mama walikuwa wanafanya mazoezi. Nilimsomea. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani ameguswa.

"Mwanangu," akasema, "hii ni barua. Hii haichezeki."

Akaniomba nimweleze tu kwa maneno ya kawaida yaliyotokea tangu siku ya kamba. Nikamweleza yote. Mwisho nikamwomba jambo moja, kwamba kaka asiguswe. Alivuta ugoro wake, akawageukia wenzake, akawaambia warudie kupiga kuanzia mwanzo.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Mgeni mkubwa alikuja na msafara wa magari, na vijana wa kamera, na watu waliovaa sare za chama kuanzia kofia. Wengi wao walikuwa wametoka mbali, na Kiha kwao kilikuwa kelele tu ya kupendeza. Kina mama wakaingia uwanjani. Aliyeshika ngoma kubwa alikuwa jirani yangu wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye mkono mzito na sura ya upole. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye akazaliwa hapa, na sasa ni Mtanzania wa karatasi na wa kila kitu. Shangazi akatangulia na wimbo. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

*Karibuni wageni mliokuja na vumbi,*
*tungewapa maji mnawe, lakini maji yameliwa na maharage.*
*Diwani wetu ana mdomo mtamu,*
*vigingi alivisaini mchana, jioni akavipikia uji.*
*Na wewe mtoto wa kaka yangu, mwenye baiskeli ya buluu,*
*umepanda kabichi kwenye koo la mama yako.*

Umati ulilipuka kwa kicheko. Mgeni mkubwa, alipoona watu wanavyofurahi, akainuka kitini akaingia katikati kucheza. Watu wa sare wakamfuata. Walikuwa wanazunguka kwenye vumbi, mikono juu, wakiitikia kile kiitikio kwa matamshi ya ajabu, wakijiambia wenyewe kwamba maji yameliwa na maharage. Diwani, ambaye Kiha ni lugha ya mama yake, alibaki amekaa na tabasamu lililoganda. Angefanya nini? Angemwambia mgeni wake aache kucheza kwa sababu anatukanwa?

Nami ningecheka kama wengine. Lakini nilimwona kaka yangu pale pembeni mwa uwanja, amesimama na ile baiskeli yake ya buluu, na watu wa karibu yake wanageuka kumtazama. Aliishika usukani, akaigeuza taratibu, akaondoka akiikokota. Hakuipanda.

Baada ya hotuba ikatangazwa kwamba mgeni atapanda mti kwenye chanzo cha maji kama ishara ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Tulikuwa mwezi wa tisa. Kila mkulima aliyekuwepo uwanjani anajua kwamba kwetu mti haupandwi mwezi wa tisa, labda kama unataka ufe. Lakini msafara ukateremka bondeni, nasi nyuma yake.

Pale chemchemini kulikuwa na foleni ya kina mama ambao hawakuja mkutanoni kwa sababu maji hayasubiri hotuba. Shimo lilishachimbwa, hatua kama kumi tu kutoka kwenye jicho la maji. Mche ulipotolewa kwenye gari, nikautambua kwa harufu kabla sijauona vizuri. Ulikuwa mlingoti, yaani mkaratusi. Kati ya miti yote ya dunia, walileta ule unaokunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari.

Nilimsogelea mmoja wa watu wa sare, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba huu ni mlingoti na utakausha hata haya kidogo yaliyobaki.

"Mwalimu," akanijibu, bila ubaya wowote, "ni picha tu."

Mgeni akaushika mche, akaufukia, akasema maneno kuhusu tabianchi na wajibu wa kila mmoja wetu. Kisha wakahitaji maji ya kumwagilia. Kijana wa kampeni akatazama huku na huku, akaliona dumu moja lililojaa, la kwanza kwenye mstari, akalichukua. Lilikuwa dumu la jirani yangu yule mpiga ngoma. Alilitega alfajiri, akamwachia mwenzake alilinde, akaja kutupigia ngoma. Walimimina lote. Udongo wa shimo ulikuwa umekauka kwa jua kiasi kwamba maji yalitoa sauti yakizama. Kamera zikapiga, mgeni akapangusa mikono kwa leso, msafara ukaondoka.

Jirani yangu alikuwa amesimama kando yangu. Aliliokota dumu lake tupu, akalirudisha mwisho wa foleni. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakusema hata neno moja, maana mgeni alikuwa mbele yake kabisa.

"Wewe ukisema, watasema mwalimu ana hasira," akaniambia. "Mimi nikisema, wataniuliza nilitoka wapi."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya shule, niliteremka na jembe nikaung'oa ule mche. Sikuutupa. Niliupeleka kwenye mpaka wa uwanja wa mpira wa shule, mbali na maji, nikaupanda huko vizuri. Ni nani aliyeniona sijui mpaka leo, lakini siku ya tatu mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia, macho yake yakiwa kwenye meza, kwamba natakiwa kuandika barua ya kujieleza. Mimi ni mtumishi wa umma, na kuna malalamiko kwamba nimehujumu kampeni ya chama na kwamba ule wimbo wa uwanjani ni mimi niliyeutunga kwa niaba ya wapinzani.

Niliandika kurasa mbili. Nilieleza mizizi ya mlingoti, mita sitini, muhtasari uliosainiwa, na beti zangu nne zilizokataliwa nikaziambatisha kama ushahidi kwamba wimbo haukuwa wangu. Mwalimu mkuu alisoma zote, akavua miwani.

"Andika kwamba uliuhamisha mche ili mbuzi wasiule," akasema. "Sentensi moja. Nakuomba."

Nilichukua karatasi mpya. Halafu nikaandika kuhusu mbuzi. Nina watoto wanaosoma, na sikutaka kuhamishiwa kijiji ambacho hata jina lake silijui. Barua ilipokelewa, jambo likaisha, na kwa siku nyingi sikuweza kujitazama vizuri kwenye kioo.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi nilitumwa Kasulu kwenye semina ya walimu. Nilipoteremka stendi, kitu cha kwanza kusikia kilikuwa sauti ya shangazi yangu. Ilikuwa inatoka kwenye spika nne juu ya gari la matangazo lililobandikwa picha za mgombea, inapita taratibu kati ya wauza ndizi na wauza dagaa: maji yameliwa na maharage. Mtu aliurekodi wimbo kwa simu siku ile, wenye kampeni wakaona watu wanaupenda, wakaufanya wimbo wao wa kampeni kuanzia Kibondo mpaka Kasulu. Na kila gari lilipopita, Waha wa pale sokoni walikuwa wanashika mbavu.

Niliingia kwenye duka la mzee mmoja ninayenunua kwake betri za redio kila nikija. Baba yake alitoka Tanga akafungua duka hapa, naye amezaliwa Kasulu lakini Kiswahili chake bado ni cha pwani, na Kiha anajua cha kununulia na kuuzia tu. Aliponiona alifurahi.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Huu wimbo nimewawekea watu kwenye kadi zao za simu mpaka nimechoka. Wengine wanaupeleka hadi Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi, nasikia Warundi kule, maana lugha zao zinaelewana, hawana mbavu. Kila nikiuliza unasema nini, wananicheka. Unasema nini?"

Nikamfasiria mstari kwa mstari. Alivua kofia yake, akaiweka kaunta, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Na wale wa upande wa pili nao jana wameuchukua," akasema. "Kumbe pande zote mbili zinachoma mafuta kujisema zenyewe."

Alinitengea kiti ili nicheke naye, lakini sikuweza. Barua zangu zote za Kiswahili fasaha zilikuwa zimelala kwenye mafaili, na kitu pekee kilichosafiri kilimbeba kaka yangu mgongoni. Watu wa Kasulu, ambao hawajawahi kumwona, walikuwa wanaimba kuhusu baiskeli yake. Na pamoja na vicheko vyote hivyo, hakuna tuta hata moja lililokuwa limesogea kule bondeni. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Watu waliuimba wimbo huku wanapalilia mlemle.

Niliporudi nyumbani nilimkuta kaka ameipaka baiskeli rangi nyeusi. Aliipaka mwenyewe, kwa rangi ya mafuta ya milango, na nyuzi za brashi zilikuwa zimeganda kwenye mabomba. Nilimsalimia. Aliitikia kwa sababu ni mtu mwenye adabu, kisha akaingia ndani. Aliamini kwamba mstari wake niliutunga mimi. Mke wake aliniambia kwamba njiani kwenda mnadani watu humwita mwenye kabichi, na kwamba siku hizi anapita njia ya nyuma.

Nikaenda kwa shangazi nikiwa nimefura. Nilimwambia kwamba nilimwomba kitu kimoja tu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ningemtaja diwani peke yake," akasema, "watu wangesema namficha mtoto wa kaka yangu. Wimbo mzima ungekufa palepale."

Nilijua ni kweli, na hilo halikunituliza hata kidogo.

Siku ya kupiga kura ilipita kwa utulivu. Nilisimama kwenye mstari saa nzima na nusu nyuma ya watu niliowafundisha kusoma. Jirani yangu mpiga ngoma alikuja na kadi yake ameifunga kwenye leso, na kabla hajafika mlangoni watu wawili walimuuliza kama ana hakika jina lake lipo. Lilikuwepo. Diwani wetu alishinda, tena kwa kura nyingi, nyingi kuliko mara iliyopita. Nilimpa wiki mbili, kisha nikachukua daftari langu nikaenda kwake kumkumbusha kwamba uchaguzi umepita.

Alinikaribisha kiti kilekile. Akasema nisubiri waapishwe kwanza. Nikasubiri wakaapishwa. Akasema nisubiri kamati za halmashauri ziundwe, halafu bajeti. Nikagundua kwamba mtu huyu angeweza kunisubirisha mpaka nistaafu, na kwa upole huohuo.

Mvua nazo zilikuja zikiwa zimechelewa, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Siku ya tatu ya mvua, mchana, nilikuwa kwa shangazi namsaidia kumenya muhogo, na kaka yangu akaingia uani. Wakati wote ule hakuwa amekanyaga pale. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Nimeacha lile shamba la bondeni," akasema. "Jana nimesawazisha matuta."

Shangazi aliendelea kumenya. Mimi nikaweka kisu chini.

"Wimbo ulikuwa wa kweli," akaendelea, na sasa alikuwa anamtazama shangazi usoni. "Lakini ulinitaja mbele ya watu wote, na hali ya nyumbani kwangu uliijua. Ungeniita hapa. Mimi ningekuja."

Nikamwambia palepale kwamba mimi nilimwombea asitajwe. Shangazi akathibitisha kwa kichwa. Kaka alinitazama kidogo, akaguna, na kutoka kwa kaka yangu huko ndiko kusameheana. Shangazi hakusema samahani, na sidhani kama neno hilo liliwahi kutoka kinywani mwake kwa mtu aliye mdogo kwake. Alimenya mpaka muhogo aliokuwa nao mkononi ukaisha. Kisha akasema kwamba kipande kile cha nyuma ya nyumba, alikokuwa anafuga mbuzi, kina mboji ya miaka mingi, na kwamba yeye hana nguvu ya kukilima. Akamwambia akapande huko kabla mvua haijaenda. Kaka alisimama, akazunguka nyuma ya nyumba kukitazama. Tulimsikia akikipima kwa hatua.

Wiki iliyofuata tulikwenda chemchemini watu watatu, mimi, kaka, na jirani yangu. Tulikata matawi ya mkuyu kutoka kwenye mti mmoja wa zamani uliobaki upande wa pili wa bonde, maana tawi la mkuyu ukilichomeka ardhini wakati wa mvua linaota. Wazee wetu walikuwa na mikuyu kwenye kila chemchemi, na mtu hakuruhusiwa kuigusa kwa shoka. Hakuna aliyetuambia kwamba huko ndiko kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Tulichomeka matawi kumi na mawili pale palipokuwa na kabichi. Mawili yaliliwa na mbuzi, mbuzi wa kweli safari hii, tukachomeka mengine.

Maji yaliongezeka, ila yanaongezeka kila msimu wa mvua, na sitaki kudai kitu ambacho sina hakika nacho. Mwezi wa kwanza diwani aliita mkutano, akasema kijiji chetu ni mfano wa kuigwa katika utunzaji wa mazingira. Niliandika kwenye muhtasari kama alivyosema, kwa sababu katibu huandika kilichosemwa, na kalamu ilikuwa inanikwaruza kama mwiba. Mashamba mengine manane yalikuwa bado palepale.

Kaka ndiye aliyetoa wazo kwamba tuwafuate hao wanane mmoja mmoja, nyumbani kwao, bila kamba wala muhtasari. Tulianza na mzee mmoja ambaye tuta lake lilipakana na la zamani la kaka. Alitupokea vizuri. Alitukalisha barazani, mke wake akatuletea ugali wa muhogo na dagaa, tukala. Kaka, ambaye katika maisha yangu sijawahi kumsikia akiongea kwa dakika tano mfululizo, aliongea. Alimweleza alivyosawazisha matuta, alivyohama, na jinsi mahindi yake ya nyuma ya nyumba ya shangazi yalivyokuwa yamefika magotini.

Yule mzee aliitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili. Kaka alipomaliza, mzee akamuuliza kwa upole kabisa, "Wewe shangazi yako alikupa shamba. Mimi nitapewa na nani?"

Kaka alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Mvua ikaanza kunyesha kwa kishindo juu ya bati, ikawa hatusikilizani tena, tukasogeza vigoda vyetu ndani zaidi tukakaa na yule mzee tukingoja ikatike.